Talaka ya Mdomo Haitoshi Rockville

Wanangu mnaoishi Maryland, Virginia na Washington, ndoa ikishindikana, jueni kwanza mko chini ya sheria ya nani. Talaka iliyoandikwa msikitini mbele ya mashahidi ina uzito wake katika dini, na hilo silipingi. Lakini kwa jaji wa Rockville, Maryland, nyinyi bado ni mume na mke. Atakayefunga ndoa nyingine ya serikali kwa kutegemea karatasi ya sheikh peke yake anatenda kosa la jinai.

Someni kesi ya Aleem, wanandoa wa Kipakistani walioishi Maryland zaidi ya miaka 20. Mume alikuwa mfanyakazi wa Benki ya Dunia. Mwaka 2003 mke alifungua shauri la talaka Kaunti ya Montgomery. Kesi ikiwa mahakamani, mume akaenda ubalozi wa Pakistan hapa Washington, akatia saini talaka, kisha akadai ndoa imekwisha na mke hana fungu kwenye pensheni yake. Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya Maryland ilimkatalia. Haikukubali talaka ya upande mmoja ambayo mke hakupewa nafasi ya kusikilizwa, wala sheria inayomnyima mali waliyochuma pamoja. Mama yule hakuikosa nusu ya pensheni. Kila ninapoikumbuka kesi hii nafikiria mabinti zetu wanaoambiwa "nimeshakuacha, chukua nguo zako," nao wakaondoka na masanduku mawili.

Tena ukihama Silver Spring, Maryland, ukapanga Alexandria, Virginia, umehamia sheria nyingine. Maryland, tangu Oktoba 2023, yatosha kuthibitisha kwamba tofauti zenu hazisuluhishiki, au mmetengana miezi 6, hata mkiwa nyumba moja. Washington, tangu Januari 2024, mmoja akisema hataki tena ndoa, hakuna muda wa kungoja. Virginia bado wanadai mwaka mzima wa kutengana, au miezi 6 kama hamna watoto wadogo na mmeandikiana mapatano. Huko uzinzi ukithibitishwa waweza kukukosesha matunzo.

Ukiletewa karatasi za mahakama usizifungie kabatini kwa hasira. Maryland una siku 30 za kujibu, Virginia 21. Ukinyamaza, kesi yaweza kuamuliwa bila wewe, watoto na nyumba vikiwemo. Kiingereza kikikupa taabu, omba mapema mkalimani wa Kiswahili. Maryland mahakama ndiyo inayomlipa.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawapeleka kwanza baraza la usuluhishi. Hapa hakuna atakayewapeleka, kwa hiyo tuiteni sisi wazee kabla hamjafungua shauri. Ila kama kuna kipigo, usimngoje mzee yeyote. Ondoka, uombe amri ya ulinzi.

Nawe binti uliyeletwa na mume, usikubali kutishwa kwamba atakufutia makaratasi. Grini kadi ikishatolewa, hana uwezo wa kuifuta. Kama ni ile ya miaka 2 yenye masharti, ukishaachika unaweza kuomba peke yako masharti yaondolewe, ukionyesha ndoa ilikuwa ya kweli: mkataba wa pango wenye majina yenu wote, akaunti ya pamoja, picha. Anza kuweka nakala leo, kwa ndugu unayemwamini.