Vijiti Mkononi, Twende Kinshasa

Wewe unayepiga dramu katika kwaya ya Jumapili hapa Kindu, kule Kasuku. Wewe unayebeba ngoma kubwa ya fanfari kifuani ukivuka mto kwa pirogi kutoka Alunguli. Wewe binti unayegonga meza ya darasani mpaka mwalimu ageuke. Wewe uliyeshikishwa vijiti na babu kijijini kabla hujajua kuandika jina lako: nina neno nanyi, wadogo zangu.

Mwaka huu nendeni mkafanye mtihani wa kuingia chuo cha muziki. Msiseme mwaka kesho. Wapo vijana wa Kindu wenye mikono ya ajabu ambao, wakishapata Diploma ya Taifa, hujiandikisha sheria au uchumi bila kupenda, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba ngoma inasomewa. Inasomewa! Kinshasa kuna Institut National des Arts, taasisi ya Serikali ya elimu ya juu inayofundisha muziki na tamthilia. Kampala kuna Chuo Kikuu cha Makerere. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na huko Kiswahili chako kitakufikisha hadi ndani ya darasa.

Najua kinachokurudisha nyuma. Unadhani ukifika utakutana na vijana waliokulia kwenye vyombo ghali, na wewe huna kitu. Hebu tulitazame hilo vizuri.

Mwaka 1938 mmisionari Mwingereza, John Carrington, alikuja Kongo akafanya kazi Yakusu, kando ya mto huu huu wetu ukishapita Kisangani. Huko aliwasikia Walokele, watu wa huko, wakizungumza kwa ngoma ya mti: gogo lililochimbwa ndani, likaachiwa mwanya juu wenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Watetela, ndugu za Wakusu wetu, nao wana yao, lukumbi. Carrington alijifunza ngoma hiyo kwa miaka, kisha mwaka 1949 akachapisha kitabu, Talking Drums of Africa. Alieleza kwamba lugha ya Walokele ina toni, na ngoma hubeba toni peke yake. Konsonanti na vokali zote zinabaki mdomoni. Sasa neno lao la mwezi, neno la kuku na neno la aina fulani ya samaki yote yana toni mbili za juu. Kwenye ngoma hayatofautiani hata kidogo. Mpigaji anafanyaje? Anarefusha. Halitaji jina likiwa uchi, analifungia na maneno mengine, mwezi pamoja na namna unavyoitazama dunia, hadi msikilizaji aliye kijiji cha mbali asiweze kukosea.

Hiyo ni elimu ya juu kabisa ya kupiga, na wenyewe walikuwa mababu wa mto huu. Walijua kwamba pigo lisiloeleweka na mtu wa ng'ambo halijapigwa. Mtahini atakayekaa mbele yako na kalamu yake anatafuta hilo hilo. Kasi yako haitamtisha, ameona wenye kasi wengi. Anataka kusikia kila pigo likifika kwake likiwa zima.

Lakini sitawadanganya, kuna pengo, nalo ni la kusoma nota. Wengi wenu mnapiga kwa sikio tu. Chuoni utawekewa karatasi hujawahi kuiona na kuambiwa upige. Utapigiwa mdundo mara moja au mbili, uurudie kwa makofi, pengine uuandike. Pengo hilo linazibika, na linazibika hapa hapa Kindu. Mwalimu wa kwaya anayejua solfa, mpiga tarumbeta wa fanfari anayesoma nota, padri au mchungaji mwenye kitabu cha zamani cha muziki kabatini: mwendee, msalimie kwa heshima, omba nusu saa baada ya mazoezi. Midundo ndiyo sehemu rahisi zaidi ya nota kwa mtu ambaye tayari anaipiga. Hesabu kwa sauti huku ukisoma. Kama huwezi kuihesabu kwa mdomo, mkono hautaiweza.

Na mikono yenyewe? Chukua ubao, pigilia juu yake kipande cha mpira wa gurudumu la gari, uweke mezani usawa wa kitovu. Kaa karibu na saa ya ukutani inayolia kila sekunde. Sekunde ni 60 kwa dakika, na hapo tayari una kipima mwendo bila kununua chochote. Pigo moja kwa kila mlio, kulia, kushoto. Ukishatulia, mapigo mawili kila mkono: kulia kulia, kushoto kushoto. Sikiliza pigo la pili la mkono wa kushoto. Ndilo litakalokusaliti, karibu kila mtu hulipiga likiwa dhaifu. Usiongeze kasi mpaka liwe na uzito sawa na mengine. Ukiharakisha na kosa, utakuwa unajifundisha kosa. Mapigo hayo mawili mawili, yakishikana, ndiyo yanayozaa ule mlio mrefu wa ngoma ndogo ya fanfari, unaosikika kama kitambaa kinachochanwa polepole. Shirika la wapigaji la Marekani, Percussive Arts Society, limeorodhesha mazoezi ya msingi 40 ya ngoma hiyo. Yote yanawezekana juu ya mpira wako, na umeme ukikatika yanaendelea.

Vyombo vikubwa utavikuta huko mbele: marimba, na timpani, zile ngoma za shaba ambazo mpigaji huzirekebisha sauti mwenyewe kwa sikio. Usiviogope. Tazama alichofanya Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Wakimbangu. Alikuwa rubani, kazi ilipokwisha, mwaka 1994 alianzisha Kinshasa okestra ya Wakimbangu, na watu waliokuwa hawajui kusoma nota. Violini zilikuwa chache, wakapokezana. Nyuzi zikikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 inawaonyesha wakiandaa Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ambayo sehemu yake ya pili ina mapigo ya timpani yanayotahiniwa duniani kote. Wakongo wenzako, wenye shida zako zote, wameyapiga.

Na kama mlango utafungwa mara ya kwanza, mjue Evelyn Glennie, mpigaji wa Uskoti. Alipoteza usikivu utotoni, na akiwa na miaka 12 alikuwa karibu kiziwi kabisa. Alipokwenda kutahiniwa Royal Academy of Music, London, walimkataa kwa sababu ya uziwi. Hakurudi nyumbani kulia. Alidai wamsikilize tena, wampime kwa upigaji wake, na mwaka 1982 akaingia. Anasikia kwa mwili, akipiga mara nyingi bila viatu ili mtetemo wa sakafu umfikie. Mwaka 1989 alipata tuzo ya Grammy. Binti wa Kindu, mwanamke huyo ni mwenzako wa kazi.

Kuna mazungumzo ya nyumbani pia, na hayo ni magumu kuliko mtihani. Baba atauliza, mwanangu, ngoma ni kazi gani? Swali lake ni la haki, nauli ya ndege kwenda Kinshasa si mchezo na kwa mto hufiki moja kwa moja, kwani una maporomoko kati ya Ubundu na Kisangani. Usimjibu kwa ndoto. Mweleze kwamba shule zinahitaji walimu wa muziki, studio zinahitaji wapigaji wanaosoma nota, makanisa yanahitaji wakufunzi. Kisha mwite akuone ukifanya mazoezi saa ile ile kila siku, miezi mitatu. Mjomba aliyekuwa akicheka ataanza kuuliza nauli ni kiasi gani.

Kabla ya kwenda, andikeni barua au pigeni simu chuoni, mpate kwa uhakika tarehe, karatasi zinazotakiwa na vipande vya kupiga. Halafu kutaneni watatu, wanne, Jumamosi jioni. Mmoja apige, wengine wakae kimya mbele yake na karatasi kama watahini, wamsimamishe katikati, wamwambie rudia kutoka mstari wa pili, polepole zaidi. Mpeane zamu, kila mtu asimamishwe mpaka azoee.