Ukimya Unamlinda Nani?

Soma Mathayo 26:59–64. Ni wapi Yesu alinyamaza, na ni wapi alifungua kinywa chake?

Mashahidi wa uongo walipomshitaki, Yesu hakujitetea. Lakini kuhani mkuu alipomwapisha aseme kama Yeye ndiye Kristo, alijibu, akijua kwamba jibu hilo lingemgharimu uhai. Aliponyamaza, aliacha haki yake mwenyewe. Kama angenyamaza tena, angewaficha wengine kweli waliyoihitaji.

Wagogo wa Zuzu, kama watu wengi wa Dodoma, wanaujua ukimya ulio mwema. Jirani huingia msibani, akaketi chini, akakaa hata jioni pasipo maneno mengi, na mfiwa akafarijika. Rafiki za Ayubu waliketi naye hivyo siku 7 (Ayubu 2:13), na pengine hizo ndizo siku walizomfaa zaidi.

Lakini uko ukimya mwingine. Mtoto wa kike akipata lawalawa, yaani maambukizi ya sehemu za siri ambayo zahanati huyatibu kwa dawa, wako wanaoamini kwamba tiba yake ni kumkeketa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba mkoani Dodoma wanawake wapatao 47 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Sasa wengine huwafanyia watoto wachanga, kwa siri. Kichanga hakiwezi kushitaki, na wanaojua ni watu wa nyumba ile tu.

Fikiri habari za mkamwana, mshiriki wa kanisa, anayemsikia mama mkwe wake akipanga jambo hilo kwa mtoto wa wifi yake. Adabu inamkataza kumwumbua mkubwa, na adabu hiyo ni njema. Lakini Mambo ya Walawi 5:1 humhesabia hatia shahidi anayejua asiseme. Haimlazimu kupiga kelele kisimani. Anaweza kwenda kwa mama mkwe faraghani (linganisha Mathayo 18:15), kisha ajitolee kumpeleka mtoto zahanati. Asiposikilizwa, yuko afisa ustawi wa jamii. Huenda nyumba ile isimsemeshe kwa muda mrefu.

Ni jambo gani unalolijua leo, ambalo ukilinyamazia utakuwa salama wewe, na si yule asiyeweza kusema?