Je, Ni Haki Kupigia Kura Kazi ya Mtaalamu?

Tuseme mwalimu wa chuo hapa Kamina ataka kuchunguza samaki wa ziwa Kisale. Mtumbwi hana, nyavu hana. Aandika ombi la fedha, alipeleka Ulaya. Huko lasomwa na wataalamu wenzake wawili watatu, ambao majina yao hatayajua kamwe. Mmoja asema ni kazi njema sana, mwingine asema haifai kitu. Nani amesema kweli?

Shida hii si ya Kamina tu. Mwaka 1981, huko Marekani, Stephen Cole na wenzake walieleza jinsi walivyochukua maombi 150 yaliyokwisha kuamuliwa, wakawapa wasomaji wapya. Wakaona kwamba kukubaliwa kwa ombi hutokana na ubora wake karibu nusu tu. Nusu ya pili ni bahati ya kumwangukia msomaji huyu au yule.

Ndipo wengine wakasema: kama ni bahati, basi iwe ya wazi. Mwaka 2013 baraza la utafiti wa afya la New Zealand lilianza kugawa fedha fulani kwa kura. Maombi yasiyofaa yaliondolewa kwanza, kisha yaliyobaki yakapigiwa kura.

Wakristo twajua kwamba Mitume walimpata Matiya kwa kura. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino atukumbusha ya kuwa hiyo ilikuwa kabla ya Pentekoste, na vyeo vya Kanisa visitolewe hivyo tena. Kugawa mali ambayo watu wameshindwa kupatana juu yake ni jambo lingine, wala hakulikataza. Na fedha za utafiti si uaskofu!

Basi kwetu kura si kosa, maadamu akili imekwisha kufanya kazi yake. Twaogopa uvivu tu: msomaji aliyechoka, akijua kura ipo, atafunua kurasa mbili na kulala.

Tena wanaochuja mwanzoni ni wasomaji walewale. Mwalimu wetu aweza kutupwa mlangoni kwa sababu Kifaransa chake kina makosa, au kwa sababu msomaji hajui Kisale iko wapi. Hapo kura haimfikii. Atakayemsaidia ni msomaji mwenye moyo wa kurudisha karatasi na kusema: mimi nchi hii siijui, mpeni mtu aliyewahi kufanya kazi kule.