Risasi Moja Tu

Kijana uliyefika Texas juzi na kupata kazi ghalani, Jumamosi moja wenzako watakwambia, "Twende tukapige shabaha." Huku ni matembezi ya kawaida. Unaonyesha kitambulisho, unalipa, unapewa miwani na vizibo vya masikio, na bastola za kukodi zimepangwa kwenye kabati la kioo. (Uliza kwanza kama viza yako inakuruhusu kushika silaha, sheria ya Marekani inawabana wageni wa aina fulani.) Sikuzuii kwenda. Ila kuna neno moja nataka ulijue mapema, maana sisi tulilijua tumeshachelewa.

Tulikuwa wanne wa zamu moja. Tulianza na bastola ndogo, tukaenda kwenye ya milimita 9, na mdogo wetu, kijana mwembamba mzaliwa wa Goma, alilenga vizuri kuliko sote. Ndipo mmoja wetu akakodi rivolva ya Smith & Wesson 500. Silaha hii ilitoka mwaka 2003. Ile yenye mtutu mrefu ina uzito wa karibu kilo 2, silinda yake inabeba risasi 5, na kila risasi ina unene wa milimita 12.7. Nguvu yake inaizidi ya milimita 9 kwa zaidi ya mara tano.

Kijana akauliza aweke ngapi. Mimi ndiye niliyemjibu, "Jaza zote, kaka," na simu nimeshainua ili nirekodi.

Mlio wa kwanza niliusikia kifuani. Karatasi ikatoboka. Mtutu ukaruka juu, ukarudi kuelekea paji la uso wake, na mlio wa pili ukafuata papo hapo. Vumbi jeupe likaanza kushuka kutoka darini. Kijana alisimama vilevile, macho wazi, bastola imeinukia juu ya bega, kidole bado kiko kwenye kifyatulio.

Msimamizi, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, alikuja bila kupaza sauti. Akamshika kifundo cha mkono, akaurudisha mtutu upande wa shabaha, akafungua silinda na kumwaga vilivyokuwamo mezani. Risasi 3 nzima. Maganda 2, kila moja limebonyea katikati ya kitako.

Akatueleza. Mkono ukipigwa teke kubwa, vidole hukaza vyenyewe, kama abiria anavyokamata bomba daladala likifunga breki ghafla. Kidole cha kifyatulio nacho hukaza. Kwenye rivolva, mkazo huo huizungusha silinda na kufyatua risasi inayofuata, na wakati huo mtutu umeshaiacha shabaha: unatazama dari, au kichwa cha aliyeushika. Kwa hiyo anayeijaribu mara ya kwanza huwekewa risasi moja. Kidole kikivuta tena, nyundo inagonga tundu tupu.

Mambo haya yameshaua. Tarehe 25 Agosti 2014, kule White Hills, Arizona, mtoto wa kike wa miaka 9 alikuwa akifundishwa kupiga bunduki ndogo ya rashasha aina ya Uzi. Alipiga risasi mojamoja salama. Silaha ikawekwa kwenye mfululizo, ikamnyanyuka mikononi, na mkufunzi aliyesimama ubavuni mwake akapigwa kichwani, akafa. Bastola yetu haikuwa ya mfululizo, lakini ilinyanyuka vilevile, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake na simu yangu.

Mzee alituonyesha pia mwanya mwembamba kati ya silinda na mtutu, mahali gesi ya moto inapochomokea kwa kasi. Kidole gumba kikikaa hapo kinachanwa. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameuona ule mwanya.

Kisha akachukua risasi moja kati ya zile tatu, akaiweka kiganjani mwa kijana, akamuuliza kama anataka kurudia, safari hii yeye akiwa amesimama naye bega kwa bega. Kijana aliitazama kwa muda. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Akaisimamisha mezani taratibu karibu na zile mbili, akasema hapana, asante mzee. Nikaizima simu.