Mnada wa Sadaka na Haki ya Mgeni

Imekuwa desturi katika miji mingi ya dunia kwamba mafundi wa picha na wa nakshi hutoa kazi zao bure, zikanadiwa, na fedha zikapelekwa kwa wahamiaji na wakimbizi. Baadhi ya ndugu zetu wa Kisauni na Likoni watuuliza: Je, fedha hii ni sadaka au ni biashara? Na sisi yatufaa kuifanya?

Twasema: mnada wenyewe hauna ubaya katika sharia. Imepokewa na Anas bin Malik, katika Sunan ya Abu Daud, kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaulizwa ana nini nyumbani. Hakuwa na kitu ila tandiko na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi mwenyewe: mmoja akatoa dirhamu 1, mwingine akatoa 2, akauziwa. Dirhamu moja ikanunua chakula, ya pili ikanunua shoka. Mtu yule akaenda kukata kuni, na baada ya siku 15 akarudi hali amepata dirhamu 10.

Tazameni: kilichonadiwa ni mali ya maskini, si machozi yake, na nusu ya fedha ilimpa kazi, isiishie tumboni.

Ama mnunuzi, na aipime nia yake. Akinunua ubao wa nakshi wenye thamani ya shilingi 5,000 kwa shilingi 20,000, zile 5,000 ni bei, kwani amepata badali yake. Kilichozidi ndicho sadaka, akimkusudia Mwenyezi Mungu. Basi asiihesabu bei ile kuwa ni zaka, kwani zaka haina badali. Akipandisha bei ili jina lake litajwe, amenunua sifa, na amekwisha kulipwa. Na apandishaye bei bila ya nia ya kununua, ili amghuri mwenziwe, amefanya najshi iliyokatazwa, hata ikiwa fedha yaenda kwa mayatima.

Lakini liko swali zito kuliko la mnada: ni nani huyo mgeni tunayemkusanyia?

Vita vilipochafua Somalia mwaka 1991, Wabarawa wengi walifika Mombasa kwa njia ya bahari, na wengi wakakaa katika kambi ya Utange, upande wa Kisauni. Tuliwatambua upesi: dini moja, madhehebu moja, kofia na vazi ni lile lile. Kambi ilifungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Wengine wakapelekwa Kakuma, wengine wakahamia Marekani. Na Agosti 1997, huko Likoni, watu waliotoka bara waliuawa, vibanda vyao vikachomwa moto, na maelfu wakakimbia. Hawa nao walikuwa wageni. Tofauti yao ni nini, ila kwamba wale tuliwaona ni wetu na hawa si wetu?

Atasema msemaji: watu wa pwani wamedhulumiwa ardhi yao. Ni kweli, na dhulma hiyo ni kubwa. Lakini haki hudaiwa kwa aliyeichukua, wala haidaiwi kwa muuza mboga aliyepanga chumba. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuamrisha wema kwa jirani aliye jamaa na kwa jirani asiye jamaa. Hakutupa khiari ya kumtenga mmoja.

Basi, enyi Waislamu, tukitaka kunadi, na tunadi kofia, mikeka na nakshi zilizofanywa na wageni wenyewe, ili wapate shoka na si mkate tu. Mapato na matumizi yabandikwe mlangoni mwa msikiti, watu wayasome. Na kila mmoja wetu, kabla ya kutaja bei, amkumbuke jirani yake aliyekuja kutoka mbali: je, amesalimika na ulimi wake na mkono wake? Asiyempa mgeni amani, shilingi zake za mnada hazitamlipia deni hilo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Wallahu a'lam.