TAFAKARI YA LEO: Mwenyeji asiyeweza kukataa mgeni



Mfalme Qin Shi Huang wa China alizikwa na maelfu ya askari wa udongo wamlinde. Mwaka 1974 wakulima wakichimba kisima wakakutana nao. Leo watalii wanakata tiketi kuwaona.

Kwetu huku, ukitoka Kyela kwenda Dar unapita Iringa. Jirani na mji, pale Kalenga, kuna makumbusho ya Mkwawa, mtwa wa Wahehe. Alikufa 1898, Wajerumani wakachukua kichwa chake. Fuvu lilirudishwa 1954, na sasa tunalipa kiingilio kulitazama.

Mmoja alijiwekea jeshi, mwingine hakuachiwa hata kichwa. Leo wako sawa: hakuna anayeweza kumwambia mgeni "rudi".

Je, kwenda kutazama ni kosa? Mtume (s.a.w.) aliwahi kukataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu, kwa sababu yanakumbusha Akhera. Kwa hiyo angalia umekwenda na jicho gani. Kwenye nyumba ya mtu tunapiga hodi, asipoitika tunarudi. Maiti haitiki kamwe, basi adabu yote imebaki kwako. Ukipiga selfi na fuvu huku unacheka, umeona mfupa tu. Ukijiuliza "na langu je?", hapo umezuru.

Vyungu vya Ikombe tunavijua, vizuri kweli, lakini kikidondoka kimoja unabaki na vigae. Na sisi ni udongo.

Leo baada ya Alasiri tupite makaburini kwetu, tuwasalimie wazee wetu na kuwaombea dua. Simu ibaki mfukoni.

Ramadhani Kareem.