JUMATANO: Kijana Aliyeharibu Kazi

Soma Luka 9:1–6, 37–42 na Luka 10:1. Wanafunzi walishindwa nini, na Yesu aliwafanyia nini baadaye?

Mashine ya kukoboa mpunga ikikazwa mno, mchele hutoka chenga. Ikilegezwa, mpunga hupita na maganda yake. Fikiria mwenye mashine kule Ilemba, bondeni mwa Ziwa Rukwa, anayelijua jambo hili kwa sikio tu. Kijana wake halijui, maana kila mlio unapobadilika tajiri humsogeza kando na kurekebisha mwenyewe. Siku tajiri akipanda mlima kwenda Sumbawanga kufuata spea, mashine inafungwa, na akina mama wanarudi nyumbani na magunia yao.

Tusimlaumu upesi. Mchele ukiharibika, si kijana atakayelipa, na gunia lile huenda ni matibabu ya mtoto wa mtu. Kumwachia kazi asiyefundishwa si kumwamini. Mwajiri wa namna hiyo anajitafutia mtu wa kumlaumu.

Yesu aliwapa Thenashara uwezo, akawaambia wachukue nini na waache nini, ndipo wakaenda vijijini bila yeye. Waliporudi, walimweleza yote waliyoyatenda (Luka 9:10). Lakini hao hao baadaye walishindwa kumtoa pepo mtoto wa mtu, tena mbele ya umati. Yesu alimponya mtoto yule mwenyewe. Hakumwacha ateseke ili wanafunzi wapate somo. Maneno aliyosema siku ile yalikuwa makali. Ila walipomwuliza kwa nini wameshindwa, aliwajibu faraghani, nyumbani (Marko 9:28, 29). Tena hakuwanyang'anya kazi. Ukifungua sura inayofuata katika Luka, unamkuta akituma wengine sabini.

Hapo ndipo pagumu kwa mwajiri. Kuokoa mpunga wa mteja ni wajibu wake. Kumwaibisha kijana mbele ya foleni hakumo katika wajibu huo. Jioni, wateja wakishaondoka, anaweza kumwaga debe la mpunga wake mwenyewe, amwachie kijana akaze na kulegeza mpaka sikio lake lizoee. Chenga zitakazotoka ni hasara ya tajiri, ingawa hata chenga huliwa.

Jadilini: Ni kazi gani, nyumbani, kazini au kanisani, ambayo hadi leo hujamwachia mtu mwingine? Je, unaogopa hasara, au unapenda kuhitajiwa?